Martin St. Louis: Aliyekataliwa kwa ufupi wake, leo ndiye kocha wa Montreal

Februari 9, 2022, klabu ya Montreal Canadiens ya Kanada ilimkabidhi timu yake mtu ambaye hakuwahi kuwa kocha wa timu yoyote ya wachezaji wa kulipwa. Ukiondoa kipindi kifupi mwaka 2019 alipokuwa mshauri wa Columbus Blue Jackets, kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanawe na watoto wenzao kule Connecticut, Marekani. Jina lake ni Martin St. Louis, na mchezo wenyewe ni hoki ya barafu.

Kwetu pwani barafu ni ya kutilia soda na kuhifadhia samaki, kwa hivyo maelezo mafupi hayataharibu kitu. Kila timu huingiza wachezaji watano na kipa, wote wamevaa viatu vyenye kisu chini ya soli, na magongo mikononi. Badala ya mpira, wanagombania kisahani kizito cha mpira mweusi. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Kumpiga mwenzio kikumbo mpaka akabamizwa ukutani ni halali, mradi kisahani yuko nacho yeye. Ligi kubwa ya mchezo huu ni NHL, yenye timu 32 za Marekani na Kanada, na kombe lake huitwa Stanley. Kwa Kenya mchezo huu uko Nairobi, ambako timu ya Ice Lions imekuwa ikifanya mazoezi kwenye uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli.

Hilo la vikumbo ndilo lililomponza St. Louis. Alizaliwa Juni 18, 1975, mjini Laval, jirani kabisa na Montreal, na urefu wake uliishia futi 5 na inchi 8. Kila mwaka klabu za NHL hukaa zikagawana vijana wanaochipukia, mmoja mmoja, kwa mamia. Yeye hakuitwa na klabu hata moja. Alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Vermont, akafunga mabao kwa wingi na mwaka 1996 timu yake ikafika nusu fainali ya vyuo vya Marekani, na bado milango ikabaki imefungwa.

Calgary Flames ndio waliomsajili, mwaka 1998. Walimchezesha mechi 69 tu, nyingi akiwa mtu wa kuziba pengo, kisha mwaka 2000 wakamwacha aende bure. Tampa Bay Lightning ya Florida, wakati huo timu dhaifu iliyozoea mkiani, ikamchukua.

Huko ndiko alikofanya mambo. Msimu wa 2003-04 alifunga mabao 38 na kutoa pasi 56 zilizozaa mabao. Hoki huhesabu vyote viwili sawa, bao pointi moja na pasi pointi moja, kwa hivyo alikuwa na pointi 94, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa ligi, na tuzo ya mchezaji bora akapewa yeye. Kwenye fainali, Tampa ikakutana na nani? Calgary, wale wale. Calgary walikuwa wakiongoza michezo 3 kwa 2 na mchezo wa sita ulikuwa nyumbani kwao. Wangeshinda ule, kombe lingekuwa lao. Ukaenda muda wa ziada, wa kwanza ukaisha patupu, na wa pili ulipoanza tu St. Louis akafunga. Siku mbili baadaye, Juni 7, 2004, Tampa ilishinda mchezo wa saba 2-1 na kubeba kombe.

Mwaka 2013, akiwa na miaka 37, aliongoza tena ligi nzima kwa pointi, akawa mchezaji mwenye umri mkubwa kuliko wote kuwahi kufanya hivyo.

Mwaka 2014 ulikuwa mgumu kwake. Meneja wake wa Tampa, Steve Yzerman, ndiye pia aliyekuwa akiteua timu ya Kanada ya Olimpiki ya Sochi, na jina la St. Louis hakuliweka. Alikuja kumwita baadaye, Steven Stamkos alipokosa kupona jeraha. St. Louis akaenda, akarudi na dhahabu, lakini moyo ulikuwa umeshatoka Tampa. Akaomba kuondoka, na Machi akahamia New York Rangers. Mwezi Mei mamake, Bi. France, alifariki ghafla. Rangers walikuwa nyuma michezo 3 kwa 1 dhidi ya Pittsburgh, na yeye akacheza siku ya pili yake tu. Jumapili iliyofuata, ambayo ni Siku ya Mama huko kwao, alifunga bao la kwanza la mechi. Rangers waliipindua Pittsburgh, na timu nzima ikahudhuria mazishi Laval. Walifika fainali, wakafungwa na Los Angeles Kings.

Alistaafu mwaka 2015 akiwa na pointi 1,033 katika mechi 1,134. Tampa waliistaafisha jezi yake namba 26, na mwaka 2018 akaingizwa katika Ukumbi wa Magwiji wa hoki.

Sasa turudi Montreal. Canadiens wana makombe 24, hakuna klabu nyingine inayowafikia, ila la mwisho ni la mwaka 1993. Walikuwa wamefika fainali Julai 2021, kisha msimu uliofuata wakaporomoka. St. Louis aliikuta timu imeshinda mechi 8 kati ya 45. Wengi waliona ni mchezo wa kuigiza kumpa kazi ile kocha wa watoto. Ni hoja yenye uzito, na hata huku pwani tumeona nyota wa zamani wakipewa timu kwa sababu ya jina tu.

Jibu la mapema lilitoka kwa Cole Caufield, mshambuliaji kijana ambaye naye ni mfupi. Kabla ya kocha mpya alikuwa na bao 1 katika mechi 30. Baada yake alifunga 22 katika mechi 37. St. Louis hapendi kuwakaririsha wachezaji mpango mmoja wa kufuata kama gari moshi na reli. Huwafundisha kuusoma mchezo na kujiamulia. Kwa maoni yangu, hayo ni mafunzo ya mtu aliyelazimika kufikiri haraka maisha yake yote ili asibamizwe ukutani.

Mavuno hayakuja upesi. Msimu ule timu ilimaliza ya mwisho kabisa kwa pointi 55, ikafuata 68, kisha 76. Subira kama hiyo ni adimu kwa klabu yenye mashabiki wakali vile. Msimu wa 2024-25 zikawa 91, na Montreal ikaingia mtoano, ambako iliondolewa na Washington Capitals kwa michezo 4 kwa 1. St. Louis aliingia kwenye orodha ya makocha watatu waliowania tuzo ya kocha bora wa mwaka. Ilikwenda kwa Spencer Carbery, kocha wa Washington hao hao.