Rosa Mistika: Kitabu cha Watoto au cha Watu Wazima?

Nakala ya kwanza ya Rosa Mistika niliyoishika mikononi ilikuwa imefunikwa kwa karatasi ya gazeti, jalada halionekani kabisa. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari hapa Kenya, na mwenzangu aliyeniazima aliniomba jambo moja tu: nisiisome mbele ya watu. Nilidhani nitakuta ndani yake mambo ya aibu. Nilichokuta kilikuwa habari za msichana wa rika langu, baba yake, walimu wake, na wazee wa kijiji ambao kila mmoja alikuwa na neno la kusema juu yake. Usiku ule nilijiuliza kwa nini kitabu kinachomhusu msichana wa shule kifichwe hasa machoni pa wasichana wa shule. Leo, ndugu msomaji, nataka tulifuatilie swali hilo kwa majirani zetu wa kusini, kwa sababu Watanzania walilijadili kabla yetu na kwa ukali kutuzidi.

Riwaya hii ilitolewa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji la Afrika Mashariki lililokuwa na makao yake Nairobi. Kwa hiyo, ingawa ugomvi ulizuka Tanzania, kitabu chenyewe kilitokea upande wetu wa mpaka. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Alikuwa na miaka 27 tu riwaya ilipotoka, naye alikuwa ametoka tu kumaliza masomo yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hakwenda mbali kutafuta mandhari: Rosa naye ni binti wa Namagondo.

Kwa wale ambao hawajaisoma, kisa chake ni hiki. Rosa analelewa na baba mkali, Zakaria, ambaye anadhani kumlinda binti ni kumtenga na wavulana na kumpiga akithubutu kupokea barua ya mmoja wao. Anakwenda shule ya bweni Mwanza, halafu chuo cha ualimu Morogoro. Huko hakuna fimbo ya baba, lakini pia hakuna aliyewahi kumweleza chochote kuhusu mwili wake, mapenzi, au namna ya kumkatalia mtu mwenye cheo. Wanaomharibia maisha ni watu wazima, na baadhi yao ni wale waliokabidhiwa dhamana ya kumfundisha. Mwishowe mchumba anamkataa kwa kuwa si bikira, naye anayakatisha maisha yake mwenyewe. Kezilahabi haandiki kwa tamaa wala kwa mzaha. Anaandika kama mtu anayetoa ushahidi barazani.

Riwaya ilipendwa na kununuliwa. Ndipo ikapigwa marufuku, yaani ikakatazwa, kutumiwa madarasani. Wazazi, walimu na watu wa dini walioipinga walisema kwamba inataja wazi mambo ambayo Mswahili huyasema kwa mafumbo, kwamba inawavunjia heshima wazazi na walimu, na kwamba kijana atakayeisoma atajifunza kutenda yale yaliyoandikwa. Waliotetea walijibu kwamba mwandishi hakuyaleta mambo hayo duniani, aliyakuta. Tafadhali usiwacheke wale wa upande wa kwanza. Mzazi anayeogopa kitabu mara nyingi anaogopa kitu cha kweli, ila amekosea mahali kinapotoka.

Lakini kwa nini riwaya hii, na kwa nini wakati ule? Riwaya za Kiingereza zenye mapenzi ya wazi zaidi zilikuwa zikiuzwa madukani bila zogo. Jibu langu ni lugha. Tangu mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania. Kitabu cha Kiingereza kilikuwa na mlango wake mwembamba. Waliopita hapo walikuwa wachache. Kitabu cha Kiswahili kilikuwa na mlango wazi kwa mtoto yeyote aliyemaliza darasa la saba, kwa mama yake aliyekuwa akijifunza kusoma jioni, na kwa babu aliyesomewa. Hapakuwa na njia ya kumpa mtu mzima riwaya ile ukamnyima mtoto.

Jambo hili la mama wa jioni si pambo la maneno. Mwaka 1970 ulitangazwa Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika mikoa iliyozunguka Ziwa Victoria, nchi ileile ya Rosa, ulikuwapo mradi wa kisomo ulioungwa mkono na UNESCO, kituo chake kikiwa Mwanza, ambao uliwafundisha wakulima kusoma kwa kutumia vitabu vya kazi zao: namna ya kulima pamba, kwa mfano. Basi siku hizo ukisema "kitabu cha watu wazima" nchini Tanzania, aghalabu msikilizaji alielewa kitabu chepesi cha kilimo chenye herufi kubwa, si kitabu chenye mambo mazito ya ndoa na mapenzi. Wanafunzi wangu hushangaa ninapowaeleza hili. Mtu wa miaka 50 alipewa kitabu cha kitoto kuhusu pamba, na binti yake wa miaka 16 aliyekuwa bwenini akakatazwa kitabu kuhusu maisha yake mwenyewe. Huwa nafikiri juu ya baba mmoja wa Ukerewe, wa kubuni tu, aliyejifunza kusoma kwa kitabu cha pamba halafu akakutana na Zakaria katika ukurasa wa riwaya. Huyo ndiye msomaji ambaye ningependa kuyasikia maoni yake kuliko ya mhakiki yeyote.

Tuirudishe saa nyuma miaka 20, tuone kitabu kilichopata bahati kinyume na hiyo. Mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, ilichapishwa Kusadikika ya Shaaban Robert. Ni hadithi ya nchi inayoelea angani, ambamo kijana Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu sheria. Akijitetea mbele ya mfalme, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali za ulimwengu kutafuta mambo mema kwa ajili ya nchi yao, nao waliporudi wakalipwa kifungo. Mandhari ni ya ngano tupu: nchi isiyoguswa na ardhi, wajumbe wanaokwenda hata mbinguni. Kitabu kikaingia shuleni kwa amani, kikakaa miaka mingi, watoto wakakisoma kama watoto wanavyosoma hadithi za kale.

Watu wazima walisoma kitu kingine. Mshtakiwa ambaye kosa lake ni kufundisha sheria, wajumbe wanaofungwa kwa kuleta habari za nchi zenye haki: katika nchi iliyotawaliwa na wageni, mafumbo hayo hayakuhitaji mfasiri. Kumbe kitabu kilichodhaniwa kuwa salama kwa mtoto kilikuwa kimebeba hoja nzito zaidi ya kisiasa, na kile kilichodhaniwa kuwa cha watu wazima peke yao kiliwahusu watoto. Sijui mfano bora kuliko huu wa kuonyesha kwamba umri wa msomaji haupimwi kwa kutazama jalada.

Wapo wanaowapinga waandishi hawa wawili kana kwamba ni mahasimu, Shaaban mwenye adabu na Kezilahabi mkaidi. Historia haikubali. Kezilahabi alikuwa mmoja wa wasomaji makini wa Shaaban Robert: tasnifu yake ya shahada ya uzamili, aliyoiandika Dar es Salaam mwaka 1976, ilihusu riwaya za Shaaban na ilitumia Kiswahili, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika chuo kikuu wakati huo. Hakumsujudia, wala hakumtupa. Tofauti baina yao ilikuwa katika namna ya kumjenga mhusika. Kwa Shaaban, jina hukuambia tabia: Majivuno anajivuna, Karama ana karama. Kwa Kezilahabi, Rosa ni jina la ua na la Bikira Maria, na maisha yake hayalingani nalo hata kidogo. Msomaji aliyezoea majina yanayosema kweli alikuta jina linalomchoma, na nadhani sehemu ya ghadhabu ya wasomaji wa kwanza ilitoka hapo.

Hoja kwamba Mwafrika wa zamani hakumwambia binti yake mambo ya unyumba nayo ni dhaifu. Katika pwani yetu ya kaskazini, mnamo mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha, na ndani yake hakutaja tu wajibu kwa Mungu. Alimfundisha pia namna ya kuishi na mume, kujipamba, kuzungumza naye. Kungwi na somo walifanya kazi hiyohiyo unyagoni, kwa nyimbo ambazo hazikuona haya. Kilichobadilika ni mahali: bweni lilimtoa msichana mikononi mwa kungwi, na hakuna aliyepewa kazi ile. Rosa hakufundishwa na bibi wala na shule. Unaweza kuukataa mfumo wa mafundisho ya unyagoni, na mimi yapo ndani yake nisiyoyakubali, lakini huwezi kusema kwamba kimya ndiyo mila.

Marufuku haikudumu. Baadaye Rosa Mistika iliingizwa miongoni mwa vitabu vya kusomwa katika shule za sekondari nchini Tanzania, na Kenya pia ikaipokea. Kitabu kilekile, maneno yaleyale. Haikufutwa sentensi ili kimfae mwanafunzi. Waliobadilika ni waliokuwa wakikisoma. Wengi wao walikuwa wamekisoma wakiwa vijana, pengine kikiwa kimefunikwa gazeti, na sasa walikuwa walimu.

Nisikupe picha ya safari iliyonyooka. Mwezi Juni mwaka 2017 Rais John Magufuli alitangaza hadharani kwamba mwanafunzi atakayepata ujauzito hatarudi katika shule za serikali baada ya kujifungua. Msimamo huo ulizusha mjadala mkubwa ndani na nje ya Tanzania. Mwezi Novemba mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, wizara ya elimu ikawaruhusu wasichana hao kurudi darasani. Katika miaka hiyo minne, Rosa alikuwa anajadiliwa bungeni, magazetini na misikitini na makanisani bila jina lake kutajwa. Na mwezi Februari mwaka 2023 wizara hiyohiyo ilipiga marufuku vitabu 16 vya hadithi mashuleni, vikiwemo vya mfululizo wa Kimarekani wa Diary of a Wimpy Kid, kwa maelezo kwamba vilikuwa kinyume na maadili. Safari hii vilivyokatazwa ni vya Kiingereza. Mlango ule mwembamba wa zamani umepanuka sana, na wazazi wamegundua.

Muhula uliopita nililiuliza darasa langu la kidato cha nne swali ambalo ni kichwa cha makala hii. Nilitarajia wagawanyike baina ya ndiyo na hapana, hawakunipa raha hiyo. Mvulana mmoja alisema kitabu ni cha akina baba, na kwamba Zakaria ndiye mwanafunzi aliyefeli. Mwingine alisema asingependa mdogo wake wa miaka 10 akisome, si kwa sababu ya mapenzi yaliyomo bali kwa sababu ya kifo. Hoja hiyo ilininyamazisha, kwa maana katika miaka yote ya kubishana kuhusu aibu, kifo chenyewe hukipa nafasi ndogo mno. Tukatenga kipindi kizima kuzungumza juu yake, na kuhusu mtu wa kumwendea anapolemewa.

Binti mmoja wa dawati la nyuma, asiyesema sana, aliuliza kama mwaka ule kabla ya kukikataza kuna aliyewauliza wasichana wa bweni wameelewa nini. Nilimwambia aandike insha, kurasa mbili. Ameleta sita, na kwenye mstari wa kwanza amemwandikia Zakaria: "Shikamoo baba."