Kauboi aliyeacha gitaa lake Eastlands

Gari la sinema likishaingia mtaani, kumwita mtoto aje aoge ilikuwa kazi bure. Vumbi la Land Rover halijatua, watoto wa Kaloleni, Makadara na Jericho, mitaa ya Eastlands ya Nairobi, wamekwisha kukaa chini uwanjani, wengine wamebeba wadogo zao mgongoni. Jenereta inanguruma, shuka jeupe linafungwa kwenye nguzo mbili, kwanza yanapita matangazo ya sabuni na dawa ya meno, kisha anatokea farasi. Waliochelewa walikaa upande wa pili wa shuka. Huko maandishi yalisomeka kinyume, na kauboi alichomoa bastola kwa mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa wa upande huo mara nyingi, na hadi leo nikimwona stelingi anatumia mkono wa kulia, naona kuna kitu hakijakaa sawa.

Filamu zile zilikuwa kuukuu hata siku hizo. Zilitengenezwa Marekani miaka ya 1930 na 1940, nyeusi na nyeupe, za kama saa moja tu, kwa bajeti ndogo. Vilima vilevile vya California vilirudi filamu baada ya filamu, na ngumi zilezile za baa. Kilichozitofautisha na nyingine ni kwamba katikati ya kufukuza wezi wa ng'ombe, stelingi alisimamisha farasi, akashika gitaa, akaimba. Aliyeipa mtindo huu nguvu ni Gene Autry, aliyewahi kuwa mpiga simu za maandishi kwenye reli kule Oklahoma. Mwaka 1935 kampuni ya Republic ilimtoa katika Tumbling Tumbleweeds. Alipogomea malipo, kampuni ikamchukua kijana Leonard Slye, ikambatiza Roy Rogers, na mwaka 1938 akatoka na Under Western Stars akiwa juu ya farasi wake Trigger.

Kwa mtazamaji wa Eastlands, Kiingereza cha puani cha makauboi hao kilikuwa kigumu. Mara nyingi alikuwepo kaka mmoja mjuaji aliyewatafsiria wenzake kwa sauti, akipatia hapa na kukosea pale. Wimbo ulipoanza hata yeye alinyamaza. Wimbo haukuhitaji mkalimani.

Serikali ya kikoloni iliziogopa picha hizi. Nairobi ilikuwa na bodi ya kukagua filamu, na ukaguzi wake ulibagua watazamaji kwa rangi: filamu aliyoruhusiwa Mzungu kuitazama, Mwafrika angeweza kunyimwa. Hofu yao ilikuwa bastola, na Mwafrika kumwona Mzungu akipigwa ngumi, akianguka kifudifudi. Baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, na hasa baada ya msako wa Waingereza ulioitwa Anvil wa Aprili 1954 ulioifagia mitaa hii nyumba kwa nyumba, hofu hiyo haikupungua. Naona walikosea. Kilichoota mizizi Eastlands ni gitaa.

Na gitaa lilikuwa limetangulia kufika, kabla ya shuka la sinema, kwa njia ya santuri. Autry mwenyewe alianza kwa kumwiga Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933. Santuri za Rodgers zilifika hadi kwa Wakipsigis, na mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kapkatet wakimwimba kwa jina walilomtengenezea wenyewe: Chemirocha. Kwao hakuwa mtu kamili, alikuwa nusu binadamu nusu paa. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo ambayo mwanamuziki mgeni amewahi kupewa nchini mwetu.

Jijini, mtoto aliyetoka uwanjani usiku aliamka na kazi. Alitafuta mkebe wa mafuta ya kupikia, akatoboa, akachomeka ubao, akavuta nyuzi za waya wa breki ya baiskeli au mshipi wa kuvulia. Kati ya mafuta yaliyouzwa madukani siku hizo, pamoja na Kimbo, yalikuwemo yenye jina la Cowboy. Basi wapo waliopiga nyimbo za kauboi kwa mkebe wa Cowboy, na waya ukiwakata vidole walifunga kitambaa wakaendelea.

Hollywood ilimchoka kauboi mwimbaji upesi. Televisheni iliua filamu za bei nafuu, na mwaka 1953 Autry alitoa yake ya mwisho. Hapa kwetu walikuja Django na Trinity wa filamu za Waitaliano, watu wa kuua bila kuimba, kisha kuanzia 1973 Bruce Lee akawafagia wote. Lakini sauti ilibaki redioni. Jim Reeves, aliyekufa katika ajali ya ndege Julai 1964 baada ya kuigiza Kimberley Jim huko Afrika Kusini, aliendelea kuimba Jumapili asubuhi katika nyumba za chumba kimoja, chai ikichemka, na anaimba bado kwenye matanga yetu. Keti usiku kwenye baa ya mugithi, utamsikia mpiga gitaa mmoja akitoka kwenye nyimbo za Kikuyu kuingia kantri bila kupumzika, na wateja wakiitikia kwa pamoja. Kenya ina hata mwimbaji wake wa kantri mwenye jina kubwa, Sir Elvis.

Waliowasha jenereta zile, waliofunga shuka na waliochonga magitaa ya mkebe sasa ni wazee. Kama yuko mmoja katika ploti yenu, Shauri Moyo, Bahati au Mbotela, mkalishe chini wiki hii, washa simu umrekodi. Na kama bado ana gitaa lake, mwombe apige.