Lugha Inafundishwa na Kazi

Kwetu Masisi na Walikale, mtu wa kujua lugha tatu ao ine si ajabu. Kihunde, Kinyanga, Kikumu, Kitembo na Kinyarwanda zinakutana sokoni, na Kiswahili kinaziunganisha. Wengi hawakuzisomea kalasini. Walizijua namna gani?

Wazee wetu walifundisha kwa kutuma. Mtoto aliambiwa: leta jembe, ita shangazi. Akikosea, anarudishwa, akifaulu, anapewa neno gumu zaidi. Jioni ni vitendawili na hadithi. Kwa Wanyanga, msimuliaji hakusema peke yake: watu walimwitikia kwa wimbo. Mwaka wa 1956, Candi Rureke alisimulia habari za Mwindo kwa siku 12. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakazitoa katika kitabu mwaka wa 1969.

Kati ya 1937 na 1955, serikali ya Wabelgiji ilihamisha watu kutoka Rwanda mpaka Masisi, kwa kazi ya mashamba na migodi. Ugomvi wa udongo ulizaliwa hapo. Hata hivyo, Muhunde na Munyarwanda walipaswa kusikilizana juu ya bei, mzigo na siku za kazi. Kiswahili, kilichofika na wafanyabiashara wa Maniema katika karne ya 19, kikawa daraja. Daraja hilo peke yake halikuzuia damu: mwezi wa Machi 1993, mauaji ya Wanyarwanda yalianzia soko la Ntoto, Walikale. Tangu hapo, vita imetenganisha wajukuu na wazee wao. Mtoto aliyezaliwa kambini, nani atamtuma kwa Kinyanga?

Leo simu nayo inafundisha. Duolingo, iliyoanza na Kiswahili mwaka wa 2017 kwa wenye kujua Kiingereza, inatoa zoezi, inajibu palepale, inarudilia pale mtu alipokosea. Njo kazi ya nyanya yetu hiyo! Lakini haina Kihunde wala Kinyanga. Mashine inafundisha kile ilicholishwa, na sisi tumeilisha nini?

Simu hiyohiyo inajua kushika sauti. Basi tuketi na wazee wangali hai, tushike namna wanavyotuma mtoto, wanavyopatana bei, wanavyotega kitendawili, katika kila lugha ya kwetu, bila kubagua. Tukikawia, wajukuu watakuwa na simu nzuri, lakini isiyowajua.