Nyaraka za Mutomo na Kitui Kusini

Anayechunguza maisha ya zamani ya Wakamba wa Mutomo hufuata karatasi zilizotawanyika katika mabara mawili. Ikutha, kusini mwa Mutomo, Walutheri kutoka Ujerumani walijenga misheni miaka ya 1890, hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa. Kumbukumbu za shirika lao la Leipzig zimehifadhiwa Halle. Charles Dundas, afisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha historia ya Kitui mwaka 1913, na Mswidi Gerhard Lindblom akatoa kitabu kinene juu ya Wakamba mwaka 1920.

Hazina kubwa zaidi iko Nairobi, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1965. Majalada ya wilaya ya Kitui, yenye alama DC/KTI, yana taarifa za kila mwaka: mvua, njaa, kodi, mifugo. Yaliandikwa na watoza kodi, kwa hiyo mwanamke wa kijijini husikika kwa nadra mno, na hilo ni pengo kubwa. Masimulizi ya wazee husaidia kuliziba. Wao huhesabu miaka kwa majina ya njaa, kama Ngomanisye ya mwishoni mwa karne ya 19, na majina hayo huweza kulinganishwa na tarehe za majaladani.