Mshikaki: mzizi wa Kiarabu, sarufi ya Kibantu

Katika mikahawa ya Riyadh na Jeddah, mteja anayetaka vipande vya nyama ya ng'ombe au ya kondoo vilivyochomwa juu ya makaa huagiza awsal. Mswahili akiviona vimetungwa kwenye kijiti cha chuma huviita mishikaki. Chakula ni kimoja, lakini kila jina lina historia yake.

Awsal ni wingi wa neno la Kiarabu lenye maana ya kiungo cha mwili. Mzizi wake una maana ya kuunganika na kufika, na ndio uliowapa Waswahili kitenzi kuwasili na neno mawasiliano. Jina hilo, basi, huitaja nyama yenyewe.

Mshikaki hutaja chombo. Wapo wanaodhani kuwa neno hili limetokana na kitenzi kushika, kwa kuwa kijiti hushika nyama. Hata hivyo, nchini Oman chakula hicho huitwa mishkak, kutokana na kitenzi shakka, yaani kutoboa kwa kitu chenye ncha. Kutoka mzizi huohuo Kiswahili kimepata neno shaka.

Ujamaa huo wa maneno si wa ajabu. Muscat na Zanzibar zilikuwa chini ya dola moja hadi zilipotenganishwa mwaka 1861, na baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 familia nyingi zilihamia Oman. Watu, mapishi na maneno vilivuka bahari kwenda na kurudi.

Lakini neno lilipofika pwani ya Afrika Mashariki lilibadilika. Katika Kiarabu, silabi mi- mwanzoni mwa neno huonyesha chombo. Waswahili waliisikia kama alama ya wingi, wakaunda umoja wake: mshikaki. Ndivyo mismar ya Waarabu ilivyokuwa msumari na misumari, na miswak, ambayo hadi leo huuzwa nje ya misikiti ya Jeddah, ikawa mswaki na miswaki.

Wanaodai kuwa Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa huhesabu maneno na kusahau ngeli. Mshikaki mmoja, mishikaki miwili: mzizi umetoka Uarabuni, lakini kanuni inayoutawala ni ya Kibantu, kama lilivyo neno nyama lenyewe.