Kutoka ndiva hadi simtanki: maji ya nyumba ya kupanga Same



Mwenzetu mmoja aliolewa mwaka jana akahamia Same, mkoani Kilimanjaro, chini ya Milima ya Upare. Sisi tuliomfungia mizigo tulihesabu doti za khanga, udi, chetezo na masufuria. Hakuna aliyeuliza maji yanakaa wapi. Alipofika alikuta nyumba ya vyumba vinne, wapangaji wanne, ua mmoja na simtanki moja la lita 1,000 lililotiwa kufuli. Ufunguo alikuwa nao mpangaji aliyelinunua. Bi harusi wetu wiki ya kwanza akawa anasubiri mkokoteni wa madumu, hina bado mkononi.

Hapo ndipo tukaanza kuulizia habari za maji ya kule, na kumbe Wapare walikuwa na elimu ya kuweka akiba ya maji zamani sana.

Mji wa Same ni mkavu. Mvua hubaki juu milimani, kwenye msitu wa Chome na kilele cha Shengena chenye mita 2,462, na maji hushuka kwa vijito. Wapare wakayakinga kwa ndiva, yaani bwawa dogo la udongo na mawe linalojengwa kwenye mteremko, juu ya mashamba. Usiku kijito huingizwa ndani ya ndiva. Asubuhi tundu lake huzibuliwa, maji yakatoka kwa nguvu moja na kufika mpaka shamba la mwisho. Kijito chembamba kingeachwa kijiendee chenyewe, kingekauka njiani. (Sisi Unguja tukisema mfereji tunakusudia bomba la maji. Kule mfereji ni mfereji kweli, umechimbwa kwa jembe.)

Ndiva nyingi zilianzishwa na koo. Anayetaka maji hushiriki kuzibua mfereji na kutoa tope, na asiyefika kazini hutozwa faini au hukosa zamu. Ndiva ya Manoo, pale Bangalala, ilijengwa miaka ya 1930, na baadaye ikakarabatiwa kwa saruji. Watu wa Bangalala wako chini na watu wa Vudee wako juu ya mto huohuo, kwa hiyo ilibidi wapatane nani achukue maji lini. Mapatano hayo yamevunjika na kushonwa tena mara kadhaa, maana mvua ikipungua hata jirani mwema hubana.

Waliosoma hadithi watakumbuka kesi ya Zubeir bin Al-Awwam na jirani yake wa Madina, waliogombania maji ya kumwagilia mitende. Mtume (s.a.w.) alimwambia Zubeir, ambaye shamba lake lilikuwa juu, anywesheze kisha amwachilie jirani. Yule jirani alipokasirika na kusema maneno yasiyofaa, hukumu ikawa Zubeir achukue haki yake yote kwanza. Aliye juu ana haki, na aliye chini naye ana yake.

Lakini ndiva ilikuwa ya mashamba. Maji ya kunywa na ya kupikia yalibaki kichwani mwa mwanamke, kutoka chemchemi hadi nyumbani. Hata kwetu, wakati Sultani Barghash alipovuta maji ya Chemchem hadi Mji Mkongwe katika utawala wake wa 1870 hadi 1888, wanawake wa shamba waliendelea na mitungi yao. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania iliweka lengo kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji ndani ya mita 400. Lengo halikufikiwa. Sera za maji zilizofuata, za 1991 na 2002, zikataka mtumiaji achangie gharama.

Same na Mwanga wakaelekeza macho Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa miaka ya 1960 kwenye Mto Pangani. Mradi wa kuvuta maji yake kwenda Same, Mwanga na Korogwe ulianza 2014, ukasuasua miaka mingi, na awamu ya kwanza ikazinduliwa Machi 2025 na Rais Samia Suluhu Hassan, mwana wetu wa Makunduchi.

Mtaani kwa mwenzetu maji ya bomba huja kwa zamu, mara nyingi usiku. Bila tangi, ukilala yamekupita. Mumewe akanunua simtanki la lita 2,000. Fundi akapanga matofali pembeni tu, katikati akaacha wazi. Jamani, lita 1 ni kilo 1, kwa hiyo tangi hilo likijaa ni tani 2! Kitako kikabonyea, na mwezi wa pili ufa ukatokea. Kitako cha tangi kinataka kikae chote juu ya zege iliyosawazishwa.

Tangi la pili ndilo lililoleta mazungumzo. Mwenye nyumba alisema kinachofungwa kwenye nyumba yake hakiondoki. Mume naye hakutaka kumnunulia mtu tangi. Mzee mmoja wa jirani, aliyekulia kwenye ndiva huko Vudee, akawauliza: nani atajenga msingi, nani ataosha tope, na mgeni akihamia ataingiaje kwenye zamu? Wakakubaliana mwenye nyumba ajenge mnara na kuweka boya la kukata maji tangi likijaa. Mume anunue tangi, bei yake ikatwe kwenye kodi mpaka iishe, kisha tangi liwe la nyumba na vyumba vyote vinne vichote. Wakaandika, wakaweka mashahidi, kama Suratul Baqara inavyoelekeza kwenye deni. Yule mwenye kufuli akaona haya, akaleta lake nalo liunganishwe.

Kuosha ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asiyetokea hulipa sabuni ya wenzake.

Baada ya Idi tunamsindikiza bi harusi mwengine, huyu anakwenda Usangi, Upare ya kaskazini. Safari hii, kabla ya kuhesabu khanga, shangazi yake ameshapiga simu kuuliza tangi ni la nani.