Kuinua Pikapu: Historia ya Springi na Shokapu za Hilux

Pikapu ya tani moja ina mgogoro wa kudumu na springi zake za nyuma. Ikiwa tupu, ekseli ya nyuma haibebi zaidi ya bodi na tangi la mafuta. Ikishapakiwa mifuko ishirini ya saruji, ekseli hiyohiyo inabeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa awali. Springi laini inayompendeza dereva asiye na mzigo hulala ikipakiwa, na ngumu inayoistahimili tani humrusha kitini akirudi tupu. Kiwanda hakina budi kuchagua, na kwa kawaida huchagua mzigo. Mwenye gari asiyeridhika na uchaguzi huo ndiye aliyezaa biashara ya springi na shokapu za kununua dukani, na Toyota Hilux ndiyo pikapu inayoonyesha vizuri jinsi biashara hiyo ilivyokua.

Hilux ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1968, ikiundwa na Hino katika kiwanda cha Hamura. Ilikuwa gari la mizigo lisilo na makuu, likisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Nyuma ilikalia springi za bapa, ambazo ukoo wake unarudi kwenye mikokoteni ya farasi: Obadiah Elliott alipata hataza ya springi za bapa zenye umbo la yai huko London mwaka 1804. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyeona sababu ya kuiinua Hilux. Sababu ilikuja mwaka 1979, ilipotoka yenye nguvu kwenye magurudumu yote manne. Hiyo iliwekewa mbele ekseli nzima, yaani bomba moja la chuma lenye difu ndani yake linalounganisha magurudumu mawili, nayo ikakalishwa juu ya springi za bapa kama ya nyuma.

Hakuna mfumo uliokuwa rahisi kuuchezea kuliko huo. Springi ya bapa ni rundo la vipande vya chuma vilivyopindwa: kimoja kirefu chenye tundu la bolti kila mwisho, na vingine vinavyozidi kuwa vifupi kuelekea upande mwingine wa rundo, vyote vikibanwa katikati na kufungwa kwenye ekseli kwa yuboti. Aliyetaka gari lisimame juu zaidi aliongeza kipande, alinunua springi zenye upinde mkubwa zaidi, au alibadilisha sheko, vile viungio vya mwisho wa springi, akaweka ndefu. Katika gereji za Afrika Mashariki mpaka leo kipande cha kuongeza hutolewa kwenye gari jingine lililokwisha kazi, kikakatwa kwa kipimo na kuchomekwa. Springi iliyolala hupindwa upya kwa nyundo juu ya chuma kizito, pigo baada ya pigo, fundi akipita urefu wote wa kipande na kukilinganisha na mwenzake wa upande wa pili. Fundi anayejua kazi hupiga chuma kikiwa baridi. Anayekichoma moto mpaka kiwe chekundu ili kipindike upesi huondoa ule ugumu kilioupata kiwandani kwa kuchomwa na kupozwa kwa kipimo, na baada ya safari chache za mzigo springi hurudi kulala palepale.

Njia ya kuongeza kipande ilikuwa na gharama ambayo wengi hawakuiona. Kipande kipya huinua gari, lakini papo hapo huikaza springi, maana sasa vipande vingi zaidi vinapinda kwa pamoja na kusuguana. Kimo na ugumu ni vitu viwili; rundo la mabapa liliviuza kama kitu kimoja. Mwenye pikapu aliyetaka sentimita tano za kupita juu ya mawe aliondoka gereji na gari la tani moja na nusu. Alipolalamika kwamba linaruka, mara nyingi aliambiwa ndivyo gari imara linavyokuwa.

Katikati ya miaka ya 1980 Toyota ilianza kuiacha ekseli nzima ya mbele. Pikapu zake za magurudumu manne zilizouzwa Marekani kama modeli ya 1986 zilikuja na magurudumu ya mbele yanayojitegemea, kila moja likiwa na wishiboni zake, yaani mikono ya chuma inayolishika kwenye chesisi, na mahali pa springi pakachukuliwa na tosheni: fimbo ndefu ya chuma inayolala sambamba na chesisi na kujisokota gurudumu linapopanda. Australia na Afrika ziliendelea kuuziwa zenye mabapa mbele hadi miaka ya 1990, kwa hiyo kwa muda mrefu aina zote mbili zilikutana katika gereji moja.

Tosheni ilikuwa na kishawishi chake. Mwisho mmoja wa fimbo umeshikwa na wishiboni, na mwingine umeshikwa kwenye chesisi kwa mkono mfupi wenye bolti ya kurekebishia kimo. Kiwanda kiliiweka bolti hiyo ili gari lililochoka liweze kusawazishwa. Mafundi waliitumia kuinua pua ya gari kwa spana moja, kabla chai haijapoa. Hapa mambo yaligeuka kinyume cha mabapa: kimo kilipanda, lakini ugumu wa fimbo haukubadilika hata kidogo. Gari lilipopandishwa, wishiboni zilisogea karibu na mpira unaozuia gurudumu lisishuke kupita kiasi, na gurudumu likakosa nafasi ya kushuka shimoni. Kila shimo likawa kishindo cha chuma kugonga mpira, na wengi wakadhani springi imekaza. Shafti za mbele nazo zilianza kuzunguka zikiwa zimepinda kuliko zilivyokusudiwa; mipira inayofunika viungo vyake ikachanika, grisi ikatoka, mchanga ukaingia. Tairi za mbele zililika upande mmoja kwa kuwa alaimenti haikurudiwa. Bolti ile ndogo pengine ndiyo iliyoharibu viungo vingi vya shafti kuliko mawe yote ya barabarani.

Muda wote huo shokapu ilibaki ikipewa lawama zisizo zake na kunyimwa kazi iliyo yake. Haibebi gari; gari lisilo na shokapu husimama katika kimo kilekile, au karibu nacho. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya kubonyezwa, kwa kusukuma mafuta kupitia matundu madogo ya pistoni na kuugeuza mtikisiko kuwa joto. Mfaransa Maurice Houdaille alibuni shokapu ya mafuta mwanzoni mwa karne ya 20, na Ford Model A iliyoanza kuuzwa kwa mwaka wa modeli 1928 ilikuwa na za aina yake. Tatizo lililobaki lilikuwa joto. Kwenye barabara ya vumbi iliyokunjamana kama bati la paa, pistoni hupanda na kushuka mara nyingi kila sekunde, mafuta yanapata moto, yanachanganyika na hewa na kutoa povu, na povu halizuii kitu. Mfaransa mwingine, Christian Bourcier de Carbon, alilitatua kwa bomba moja ambamo gesi yenye shinikizo imetengwa na mafuta kwa pistoni ya pili, hivyo mafuta hayapati nafasi ya kutoa povu. Kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ilichukua leseni ya ubunifu huo, na mwaka 1957 shokapu za namna hiyo zikaingia kwenye magari ya Mercedes-Benz.

Kutoka magari ya starehe hadi pikapu, daraja lilikuwa mashindano. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikuwa mtihani wa magari yasiyotofautiana sana na yale ya dukani, na barabara zake ziliwafundisha watengenezaji kwamba gari hukwama mapema kwa shokapu na viungo kuliko kwa injini. Upande wa pili wa dunia, mashindano ya jangwa la Baja California, yaliyoanza mwaka 1967 kutoka Tijuana hadi La Paz, yalizaa aina yake ya pikapu: magurudumu yenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, na shokapu nene zenye chupa ya pembeni ya kuongeza mafuta na kupunguza joto. Umbo hilo ndilo lililoshuka baadaye hadi madukani, pamoja na bei yake.

Waaustralia walilikabili jambo hili kwa akili ya mkulima. Chapa ya Old Man Emu, ambayo baadaye iliingia chini ya ARB, kampuni iliyoanzishwa Melbourne mwaka 1975, ilizoeza wateja kuulizwa swali kabla ya kuuziwa springi: gari linabeba nini kila siku? Springi moja ya mbele ilikuwa ya gari lisilo na bamba la chuma, nyingine ya lenye bamba na winchi. Ya nyuma iligawanywa kwa kilo za mzigo wa kudumu, na shokapu ilirekebishwa ili ilingane na springi hizo. Kimo cha ziada, kwa kawaida sentimita nne au tano, kilikuwa matokeo tu.

Mfumo uliorahisisha kutenganisha ugumu, kimo na utulivu ulifika kwa Tacoma, pikapu ya Toyota ya soko la Marekani, mwaka 1995 na kwa Hilux iliyozinduliwa Thailand mwaka 2004. Mbele paliwekwa koili iliyozungushiwa shokapu, vyote vikiwa kipande kimoja. Sasa ugumu huchaguliwa kwa kununua koili, kimo kwa sahani ya uzi inayozungushwa juu ya bomba la shokapu, na utulivu kwa kitufe kinachobana au kulegeza njia ya mafuta. Njia ya mkato nayo haikukosekana: kipande cha chuma kinachowekwa juu ya shokapu nzima. Kwa kuwa shokapu imefungwa karibu na katikati ya wishiboni, kipande cha milimita 25 huinua gari karibu mara mbili ya hapo. Tofauti na bolti ya tosheni, nafasi ya kushuka haipungui, ila gurudumu hushuka chini kuliko lilivyokusudiwa na shafti hupinda zaidi. Zaidi ya sentimita tano hadi saba, pembe ya kasta inayoufanya usukani urudi wenyewe hupotea, na alaimenti haiwezi kuirudisha mpaka wishiboni za juu zibadilishwe.

Breki za nyuma zina mtego wake. Hilux nyingi zina vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Chesisi ikishuka kwa mzigo, vali huongeza nguvu ya breki za nyuma, na ikipanda huipunguza ili tairi zisikwame. Gari lililoinuliwa bila kurekebisha fimbo hiyo huidanganya vali kwamba bodi ni tupu daima, hata likiwa na tani mgongoni. Mabano ya kurudisha fimbo mahali pake ni kipande cha bati chenye matundu mawili, na bado husahaulika. Sheria za Australia, ambako biashara hii imekomaa, hutofautisha kuinua kidogo na kuinua kunakohitaji ukaguzi wa mhandisi, na watengenezaji wa huko huuza springi zilizoidhinishwa kuongeza uzito halali wa gari.

Nyuma, mabapa yamedumu kuliko ilivyotabiriwa. Nissan Navara ya 2014 iliweka koili kwenye matoleo mengi ya milango minne, na Tacoma ya modeli ya 2024 ikafanya hivyo karibu kote. Hilux ya 2015 ilibaki na mabapa, ila yakiwa marefu zaidi, kwa kuwa bapa refu hupinda kwa ulaini zaidi bila kupoteza uwezo wa kubeba. Wanaopakia mara mojamoja huongeza mifuko ya hewa kati ya ekseli na chesisi: hujazwa siku ya mzigo na kupunguzwa siku ya kurudi tupu.